Kilo Mbili za Gunia

Miguu ya Mongina haikujua kutulia. Tangu utotoni mama yake alikuwa akimwambia kwamba ataolewa na barabara. Lakini Mungu naye hupenda mzaha, kwa sababu mwanamke huyo mwenye miguu ya kuwasha alipewa kazi ya kusimama mahali pamoja kwa miaka kumi na sita, mbele ya mizani ya kituo cha kupimia majani chai, kwenye kilima kimoja kati ya Kericho na Bomet.

Kazi yenyewe haikuwa na siri. Mkulima analeta gunia, gunia linatundikwa kwenye ndoano, karani anasoma, anakata kilo mbili, anaandika. Kilo ya kwanza ilikuwa amri ya kiwanda: gunia si chai, na maji ya mvua si chai. Kilo ya pili haikuwa amri ya mtu. Majani hunyauka njiani, na lori likifika kiwandani na uzito pungufu, anayeitwa ofisini ni karani. Kwa hiyo makarani walijiwekea kinga ya kilo moja kwa kila gunia, na kinga hiyo haikuingia tumboni mwa yeyote. Mongina alifundishwa jambo hilo na karani aliyemtangulia, kwa sauti ya chini, siku ya pili kazini. Mwezi wa kwanza lilimsumbua. Baada ya mwaka hakulihisi tena. Jicho lilisoma ishirini na mkono ukaandika kumi na nane, na katikati hapakuwa na mtu.

Aliyelihisi ni Gogo Taprandich. Bibi huyu wa Kipsigis, maana gogo kwao ni bibi, alikuwa na shamba dogo, mdomo mkubwa, na macho ya mwewe. Kila alasiri akishusha gunia lake aliisogelea mizani mpaka pua inakaribia kuigusa, kisha anauliza mbele ya foleni nzima, kwa lafudhi ya kwao:

"Mongina, gilo yangu mbili umeweka wapi?"

"Gogo, mizani haidanganyi," Mongina alimjibu siku zote. "Ni macho yako yamezeeka."

Watu walicheka. Ukicheka kwenye foleni, foleni inasonga. Na Gogo Taprandich aliondoka akiyapangusa macho kwa ncha ya leso, kana kwamba kweli kosa lilikuwa lake.

Kama mambo yangeishia hapo, pengine hadithi hii isingekuwepo. Lakini Taprandich alikuwa rafiki wa Bilhah, na Bilhah alikuwa mama mkwe wa Mongina. Bilhah alikuja nchi hii kutoka Kisii akiwa bibi arusi, akalima kando ya Taprandich, ua mmoja katikati. Walichuma chai pamoja na kukopeshana chumvi. Mwaka ule wa fujo za uchaguzi, vijana walipopita na mienge wakitafuta wageni, Taprandich alimficha Bilhah na watoto wake jikoni siku nne, akakaa mlangoni na jembe mapajani. Urafiki wa namna hiyo haununuliwi dukani. Lakini miaka tisa iliyopita Taprandich alisema kanisani, watu wakisikia, kwamba karani wa kituo ni mwizi. Bilhah akasimama.

"Mke wa mwanangu haibi," alisema. "Ukirudia hayo maneno, usinisalimie tena."

Taprandich aliyarudia. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Walipalilia mgongo kwa mgongo, na ua ukaota miiba. Mongina aliyajua hayo yote. Usiku mwingine yalimkosesha usingizi, na asubuhi alikwenda kazini akakata kilo mbili.

Habari za ndege zilipoanza, watu walidhani ni siasa. Nani alishasikia mkulima wa chai na kampuni ya ndege wakilala kitanda kimoja? Lakini ilikuwa kweli. Kampuni moja ya Nairobi ilikuwa na ndege ndogo ya injini moja iliyokosa kazi. Ushirika wa wakulima ulikuwa na uwanja wa nyasi, urithi wa mabwana wa mashamba makubwa, ambapo ng'ombe walikuwa wakilala. Wakaungana. Kampuni ilete ndege na rubani, ushirika ulete uwanja na mzigo. Viti sita vya mbele ni vya abiria. Nyuma yanapangwa makreti ya avokado ya kwenda kwa wanunuzi wa nje. Avokado italipa nusu ya safari na abiria nusu, na hapo ndipo nauli ilipokuwa rahisi kuliko ndege yoyote. Mkataba ulikuwa na neno moja kali: kila safari makreti arobaini na mawili, si pungufu. Ushirika ukishindwa, ndege ihamie kwingine. Wakaiita Korongo.

Mongina alikuwa wa kwanza kuomba kazi. Hakuwa na tamaa ya kuruka. Alitaka tu kufanya kazi mahali ambapo vitu vinaondoka. Aliyemwajiri alikuwa Beverly, meneja wa upande wa kampuni, mwanamke wa kutoka kandokando ya ziwa, mrefu, asiyependa maneno mengi.

"Nataka mtu anajua mizani," Beverly alisema. "Hii mambo ingine yote nitakufundisha."

Alimfundisha wiki nzima. Siku ya mwisho akamleta rubani, Kapteni Oyugi, mtu wa sauti ya pole na vidole visivyokoma kugonga meza.

"Huku kwenu ni juu sana," Oyugi alimwambia. "Hewa ni nyepesi, haibebi vizuri. Jua likiwaka inakuwa mbaya zaidi. Na uwanja ni mfupi, mwisho wake umeona ile mikaratusi. Mimi nikiwa ndani sioni mzigo. Naona karatasi yako peke yake. Karatasi ikidanganya, mimi naruka na uongo."

"Sitadanganya, Kapteni," Mongina alisema, na alimaanisha.

Siku ya uzinduzi aliamka kabla ya jogoo. Ukungu ulikuwa umelala juu ya chai mpaka huoni kichaka cha pili. Lori la ushirika lilifika na makreti arobaini na matano, matatu yakiwa ya ziada, na kwa kuwa mizani ya sahani ilitengwa kwa ajili ya abiria, ushirika ulileta mizani ya ndoano, pacha wa ile ya kituoni. Mongina alipoiona alifurahi kama mtu aliyekutana na jirani mjini. Wabebaji wakatundika, yeye akasoma kwa sauti, mkono ukaandika. Kreti, ndoano, namba, shuka. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo miguu yake ilitulia kabisa. Walipomaliza, alijumlisha makreti arobaini na mawili: kilo mia tano na nne. Matatu ya mwisho akayafuta kwa mstari, yakaachwa kando ya lori.

Baada ya hapo utulivu ulikwisha. Ndege ilikuwa iondoke saa tatu, lakini wageni wa heshima walichelewa, kama ilivyo desturi ya heshima. Saa nne ikapita. Ukungu ukapanda, jua likatoka kali. Kapteni Oyugi alikwenda kuangalia kipimajoto mara nne. Kwaya iliimba nyimbo zake zote ikaanza upya. Mongina alitembea kutoka hema hadi mizani, kutoka mizani hadi ndege, akifungua na kufunga kofia ya kalamu.

Nyuma ya kamba, mstari wa mbele, Bilhah alikuwa amekaa na gauni lake la Pasaka, akimweleza kila aliyepita: "Yule wa mizani ni mke wa mwanangu Orina. Bila yeye hiyo kitu haitoki."

Karibu saa sita wageni walifika na abiria wakapimwa. Mwenyekiti wa ushirika, Zack, alipanda na koti la suti na simu tatu: tisini na sita. Wakafuata wageni wawili wa serikali, mkurugenzi mmoja wa Nairobi na mwandishi wa habari. Wa mwisho alikuwa Gogo Taprandich. Ushirika ulikuwa umepiga kura ya kumtafuta mkulima mmoja wa kusafiri bure, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na kura ikamwangukia yeye, jambo ambalo Bilhah alilipokea kwa kutazama pembeni. Alikuja na viatu vya kanisani na kiondo chenye kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya kwao, cha kumpelekea mwanawe wa mwisho Nairobi.

"Soma na sauti," alisema akiwa juu ya mizani.

"Hamsini na sita, Gogo. Wewe na kiondo."

"Andika."

Mongina akaandika. Bibi akainama juu ya karatasi, akaitazama sana, kisha akainua uso kwa watu.

"Hamsini na sita! Leo hujagata. Kumbe mimi si gunia!"

Uwanja mzima ulicheka. Mongina naye akacheka. Alijumlisha: watu mia nne sabini na nne, makreti mia tano na nne, jumla mia tisa sabini na nane. Mwisho wa uzito wa ndege ulikuwa mia tisa na themanini. Beverly alisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akampelekea rubani.

Mlango ukafungwa. Injini ikanguruma, majani chai yakalala kwa upepo, na Korongo akaanza kujikokota kuelekea mwisho wa uwanja ili ageuke.

Leo hujakata.

Kicheko kilimkauka Mongina mdomoni. Aliutazama mkono wake wa kulia. Watu hakuwakata, hilo alijua, kwa sababu watu wanakutazama. Makreti je? Alijaribu kukumbuka na hakuona kitu. Ndio ubaya wa mazoea: yanafanya kazi yako yote na hayakuachii kumbukumbu. Aliifungua nakala ya karatasi. Kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na mbili, ukurasa mzima, mpaka yale matatu aliyoyafuta, nayo kumi na mbili.

Akakimbia hadi kwenye lori. Makreti matatu ya ziada yalikuwa pale pale kwenye nyasi. Yalikuwa ya mkulima mmoja wa Kiptere, Kebaso, aliyekuwa mgumu wa kuamini watu, na siku hizi alipima mzigo nyumbani kwake kwanza. Ubavuni mwa kila kreti aliandika kwa kalamu nene: KEBASO 14.

Mongina hakutaka kuamini. Alilinyanyua moja mwenyewe, akalitundika. Mshale ukapanda ukasimama kwenye kumi na nne.

Alikuwa ameyakata kilo mbili mbili kama magunia. Tena kwa upumbavu usio na hata kisingizio cha kituoni, kwa sababu gunia la chai linarudishwa kwa mwenyewe, lakini kreti linapanda ndege pamoja na avokado yake. Arobaini na mawili mara mbili. Kilo themanini na nne, mtu mzima asiyeandikwa popote, ameketi ndani ya ndege saa sita ya jua.

Miguu iliyolaumiwa maisha yote ikapata kazi yake. Alikimbia akiinua sketi, kiatu kimoja kikabaki matopeni, akampita mshereheshaji, akampita askari wa kamba, akamshika Beverly mkono wenye redio.

"Simamisha! Mzigo umezidi!"

"Kiasi gani?"

"Themanini na nne!"

Beverly hakuuliza swali la pili. "Kapteni, simama! Usiruke! Simama, simama!"

Ndege ilikuwa tayari imegeuka na kuanza kuja, mkia ukitikisika. Kwa kitambo Mongina aliona haitasimama. Kisha mngurumo ukashuka, pua ikainama, na Korongo akaburuta magurudumu kwenye nyasi hadi akasimama katikati ya uwanja. Kwaya ikanyamaza kwenye silabi. Mshereheshaji, ambaye hakujua lolote, alishika kipaza sauti akasema kwa furaha kwamba ni ng'ombe tu ameingia, watu wasiwe na wasiwasi.

Ndege iliporudi mbele ya hema na injini ikazimwa, Oyugi alishuka wa kwanza. Aliisoma karatasi, akamsikiliza Mongina, akageuka kuitazama mikaratusi. Vidole vyake viligonga paja bila kukoma.

"Kwa hili joto," alisema polepole, "ile miti ningeifikia chini ya matawi." Akamtazama Mongina. "Asante kwa kukimbia." Kisha akaenda kukaa peke yake kwenye kivuli cha bawa.

"Nieleze," Beverly alisema. "Mizani imeharibika?"

"Haijaharibika. Nilikata kilo mbili kwa kila kreti."

"Ulikata ukaweka wapi? Sielewi."

Beverly hakuelewa kwa sababu hakuwa mtu wa chai. Lakini Zack, aliyekuwa anashuka ngazi akijifuta jasho, alikuwa na shamba la chai na baba yake kabla yake. Alielewa mara moja. Akawasogeza wote nyuma ya mkia wa ndege.

"Hii maneno isitoke hapa," alisema. "Mongina, unanisikia? Leo si siku yake. Wakulima wakisikia, wataacha ndege waende kuchoma kituo. Tutoe mzigo kimya kimya twende."

"Toeni makreti sita," Beverly alisema.

"Sita? Mkataba unasema arobaini na mbili, na mkurugenzi wako amekaa hapo ndani anahesabu. Siku ya kwanza tu tukose?" Zack alifikiri, na alipofikiri alitazama juu kwenye madirisha. "Gogo na kiondo ni hamsini na sita. Makreti mawili ni ishirini na nane, hayo mawili nitayaeleza. Jumla ni themanini na nne kamili. Yeye anapanda bure. Tutamwambia ni presha, atasafiri wiki ijayo. Na huku nje, ng'ombe ameshasemwa."

"Mimi nataka ndege nyepesi," Beverly alisema. "Mtakachotoa ni shauri yenu nyinyi wa ushirika."

Wote wawili wakamtazama Mongina. Nitasema ukweli: alitaka. Alilitaka jambo hilo kwa moyo wake wote. Njia ilikuwa imefagiliwa mbele yake, ndege imesimama salama, hakuna aliyekufa. Neno moja dogo, presha, na kesho angeamka tena kuja mahali ambapo vitu vinaondoka, na Bilhah angeendelea kukaa mstari wa mbele. Alifungua mdomo kusema sawa. Neno halikutoka. Zack akaona kimya kile kinamtosha, akapanda ngazi.

"Gogo, shuka kidogo. Daktari anasema presha yako iko juu."

"Tagtari gani? Nani amepima presha yangu?" Sauti ya Taprandich ilisikika mpaka kwenye kamba. Alionekana dirishani akihangaika na mkanda, maana alikuwa amefundishwa kuufunga tu. Kisha akashuka ngazi moja moja, kiondo kifuani, kibuyu kikigonga vyuma. Hakumtazama Zack. Alimwendea Mongina.

"Wewe ndiyo umenipima. Nilikuwa gilo ngapi?"

"Hamsini na sita, Gogo."

"Na sasa nimezidi? Ama macho yangu tena?" Akayafuta kwa ncha ya leso, kama alivyofanya miaka yote ile kwenye foleni. "Wewe uliniambia mizani haitanganyi."

Ile ncha ya leso ndiyo iliyommaliza Mongina. Aliona aibu, na aibu hiyo ikampa sauti.

"Mizani haidanganyi, Gogo. Mimi ndiye nilidanganya."

"Mongina!" Zack alifoka.

"Hakuna presha. Hakuna ng'ombe." Alisema kwa nguvu ile ya kuita namba kituoni, ambayo haikuhitaji kipaza sauti. Watu waliokuwa kwenye kamba wakaacha kunong'ona. "Asubuhi nimekata kilo mbili kwa kila kreti. Sikukusudia. Mkono umezoea, kwa sababu miaka kumi na sita nimewakata nyinyi kilo mbili kwa kila gunia. Moja ilikuwa ya kiwanda. Ya pili ilikuwa yangu mimi, ya kujikinga nisiulizwe. Gogo aliona. Kila siku aliona. Nikamwambia macho yake yamezeeka. Gogo, macho yako hayana ugonjwa wowote. Ulikuwa unaona sawa."

Mongina hakuthubutu kutazama mstari wa mbele.

Taprandich alisimama akiwa amekumbatia kiondo chake. Aliyekuwa karibu angeweza kudhani atalia. Lakini bibi huyo alikuwa anahesabu.

"Hiyo yote ya leo imefika gilo ngapi?"

"Themanini na nne."

"Basi." Akageuka kwa mwenyekiti. "Zack, wewe na hiyo koti, Mongina ameandika ngapi?"

Mtu mmoja nyuma ya kamba alicheka, kisha wa pili, kisha uwanja mzima ukapasuka. "Tisini na sita!" walipiga kelele, maana walikuwa wamesikia zikisomwa. "Tisini na sita! Akae Zack! Akae!" Zack aliinua mikono kuwatuliza, lakini hakuna aliyetulia. Beverly alitazama karatasi, akaandika, akaitia sahihi yeye mwenyewe.

"Inatosha, na inabaki," alisema. "Chairman, samahani. Makreti yako yote yanasafiri."

Taprandich akarudi kwenye ngazi. Mguu mmoja ukiwa juu, alisimama akamwambia Mongina bila kugeuka: "Usifikiri nimekusamehe. Wacha kwanza nione Nairobi."

Safari hii Korongo aliruka mapema, akaipita mikaratusi kwa nafasi ya kutosha, akageuka upande wa Nairobi na kuwa mdogo. Watu walipiga makofi. Beverly alimjia Mongina akiwa ameshika kile kiatu kilichobaki matopeni.

"Ripoti nitaiandika leo," alisema. "Huwezi kugusa karatasi yangu tena. Unajua hiyo?"

"Najua."

"Sawa." Akampa kiatu. "Sasa hivi tungekuwa tunakimbia kule kwa ile miti," akasema, akaenda zake.

Mongina alivaa kiatu. Miguu ilimwambia ondoka. Barabara ya Kericho ilikuwa mita mia mbili kutoka pale, na gari lolote lingemfikisha kokote kabla jua halijazama. Aligeuka aanze kwenda, akakuta foleni.

Hakuna aliyeipanga. Wakulima walikuwa wamevuka kamba na kusimama mbele ya mizani ya ndoano, mmoja nyuma ya mwingine, kama alasiri yoyote kituoni, ila hawakuwa na magunia. Wa kwanza alikuwa mzee ambaye Mongina alimpimia tangu mwaka wake wa kwanza.

"Na mimi?" aliuliza.

"Mbili," Mongina alisema.

Mzee akatikisa kichwa, akasogea. Akaja mwanamke mwenye mtoto mgongoni. "Na mimi?" Mbili. Wengine walimtukana. Mmoja alitema mate chini, karibu na kiatu chake. Wengi walisikiliza jibu wakapita. Walitaka tu kulisikia likisemwa mbele ya uso wao. Alimjibu kila mmoja, akisimama mahali pamoja, na sauti yake ikaanza kukatika.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa na gauni la Pasaka.

"Hata mimi?" Bilhah aliuliza.

Mongina aliwahi kujisifu kwamba kazini hana upendeleo, hata kwa mama mkwe. Ilikuwa kweli.

"Hata wewe, mama. Mbili."

Bilhah hakupiga kelele. Aliifunga leso yake upya kichwani, polepole, kama mtu anayejiandaa kwenda kazi nzito. Kisha akatembea hadi kwenye makreti matatu ya Kebaso, akakaa juu ya mojawapo, uso ukielekea upande ambao ndege ilikwenda.

"Mama, hema wanalibomoa," Mongina alisema. "Jua litakuchoma. Twende nyumbani."

"Inarudi saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Wewe nenda," Bilhah alisema. "Mimi namngoja Taprandich."

Mongina alitazama barabara, akatazama kreti lisilokaliwa na mtu kando ya lile la mama mkwe wake. Alikaa hapo, na kwa mchana wote uliobaki hakuinuka.